Mihogo Iliyonuka Pipani

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Huku Maneromango hatujambo; babu yako kifua kimemwachia, na mbuzi wetu kazaa. Umeuliza kama bakteria wote ni adui.

Tulipohamia kijiji cha ujamaa, nesi alitufundisha kwamba bakteria huleta kuhara. Tukachemsha maji, tukasugua vyombo. Wifi yangu Mwanahawa akazidisha: mihogo michungu tuliyoiloweka kwenye pipa ivunde ilipoanza kunuka, akataka kuimwaga apike mibichi.

"Inaoza hii!"

Mama mkwe akaketi juu ya mfuniko wa pipa. "Mibichi itatuulia watoto. Sibanduki hapa mpaka ilainike."

Nesi alipoitwa, akamuunga mkono: wapo bakteria wanaosaidia kuitoa sumu ya muhogo, nao ndio hao waliokuwa wakinuka. Baadaye tuliianika, tukaitwanga, watoto wakala ugali wakashiba, wakaamka wazima.

Basi nawa mikono kwa sabuni, na maji uyachemshe; hapo sina mzaha. Lakini ukija likizo ukalikuta pipa langu linanuka, usiliguse. Wamo kazini.

Bibi yako anayekuombea,
Bi. Tatu