Kengele Isiyo na Mwenyewe

Jumatatu, 3 Novemba

Hurbai katimiza miaka tisa, maswali yake hayapungui. Leo kamuuliza babake: kengele ya mbuzi na ya ngamia, ipi ina njaa? Jusab, fundi kengele asiyependa maneno, kaendelea kugonga chuma chake. Mimi nilicheka mpaka nikamwaga unga. Macho mwanangu hakujaliwa — ulimi umefidia.

Jumatano, 5 Novemba

Balaa! Jusab kaenda mjini Bhuj, Hurbai kachukua nyundo. Kaigonga kengele moja ukingoni kuibadili mlio — gonga, sikiliza, gonga — asubuhi nzima. Nilimwona. Sikumkataza. Nilipika tu, moyo ukiruka kila nyundo iliposhuka.

Ikatoka sauti sijapata kuisikia, kama mtu anayejizuia kucheka.

Jusab karudi, kaitikisa mara moja. Ya nani hii? Ya ukoo gani? Kila mfugaji ana mlio wake wa kurithi, ndio anaowajulia mifugo wake gizani. Usio na mwenyewe ni chuma tu, kasema. Kesho anaufuta. Na nyundo Hurbai asiiguse tena, atajiponda vidole. Mtoto kalala bila kula. Nimeumia.

Alhamisi, 6 Novemba

Jusab alikuwa keshainua nyundo kuigonga upya ile kengele, akaingia Vanka mfugaji. Kaichukua, kaitikisa.

"Ya nani hii, kaka Jusab?"

"Ya mtoto. Kaiharibu."

"Basi aniharibie za kundi zima."

Binti yake anaolewa, anahama na mbuzi wake, na nyumba mpya haiazimi mlio wa watu. Nilitaka kupiga vigelegele. Hurbai, mwenye kiburi cha mamake, kasema hafanyi mpaka awasikie hao mbuzi.

"Utasikia nini? Mbuzi ni mbuzi."

"Wengine huburuta miguu, mjomba. Siwezi kuwavika hao kengele ya kucheka."

Vanka kaenda kuwaleta. Jusab chai imempoa. Nikamwambia, vidole vya mtoto vizima vyote, gumba lako lile bapa nani kaliponda? Kalitazama.

Naandika nikichungulia dirishani. Mbuzi wamejaa uani. Hurbai kachuchumaa katikati yao, kainamisha sikio. Sasa kanyoosha mkono nyuma, anangoja kupewa nyundo. Jusab anaigeuza, mpini kwa mtoto — anaigeuza tena, mpini kwake —