Jumuiya Iliyosali Nje

Bonga,
Babati, Manyara.
18 Machi 2025

Mpendwa mwanangu Sosthenes,

Tumsifu Yesu Kristo. Na marahaba, maana najua shikamoo yako iko njiani hata kama sijaisikia. Hamjambo huko Songea? Jenifa mguu wake umepona, au bado anachechemea? Brayan na Hope wanaendeleaje na shule? Sisi huku tumeamka, tunamshukuru Mungu. Mimi kifua kilinisumbua mvua zilipoanza, ila nimemeza dawa na sasa sikohoi. Kule Mutuka mahindi yamefika magotini na mbaazi zinachomoza katikati yake. Shamba nimemwachia baba yako mdogo tangu nilipohamia hapa Bonga kumuuguza mama yako, na habari za palizi simuulizi, nisije nikaugua bure.

Nimeamua kukuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize. Nikianza tu unaniambia mama mdogo tuombe, halafu unaomba mpaka salio linakwisha. Sasa kaa chini usome mpaka mwisho.

Mama yako kile kidonda cha titi kimepanuka. Nakisafisha asubuhi na jioni kama nesi alivyonionyesha. Kinanuka, sikufichi. Wiki za kwanza nilikuwa nikimaliza nakimbilia nyuma ya nyumba kutapika. Siku hizi nanawa, nakaa, nakunywa chai yangu. Akili yake ni nzima kabisa, na ulimi ni ule ule unaoujua. Jana ameniambia uji wangu unafaa kubandikia matangazo ukutani.

Tangu mwaka uanze, dada yangu amekuwa na ombi moja tu. Alitaka wenzake wa jumuiya ya kanisani waje kusali chumbani kwake, wamzunguke kitandani, awasikie karibu kabla hajaondoka. Hakuomba kingine. Wewe unajua alivyowatumikia wale watu. Msiba ukitokea, nani aliitwa kumwosha marehemu? Mwanamke akijifungua, nani alifika wa kwanza na uji? Katika nyumba nyingi za jumuiya yetu hii amelala sakafuni akiwauguzia watu wao.

Lakini kila zamu ya kusali kwetu ilipofika, waliiruka. Cornel, mwenyekiti wetu, alikuwa ananiambia hawataki kumsumbua mgonjwa. Nikamwambia mgonjwa mwenyewe ndiye anayewaita. Akasema atalipeleka kwa viongozi wenzake. Mwishoni, kwa kuwa ni Kwaresima na padre aliwasisitizia matendo ya huruma, akakubali waje Jumamosi iliyopita.

Ungemwona mama yako. Alfajiri ameshaniamsha. Nikamwogesha, nikabadilisha mashuka, nikamfunga kitambaa kichwani, akakikataa, nikamfunga kingine. Nikachemsha majani ya mkaratusi chumbani ili hewa iwe nzuri. Mabenchi niliazima kwa jirani nikayapanga kuzunguka kitanda. Makande aliyaagiza yeye mwenyewe, yawe na maziwa, na chai iwe nyingi, maana alisema watu wa jumuiya wakisali wanasikia njaa.

Wakafika. Cornel akaingia mpaka sebuleni, akasimama, akavuta pumzi mara moja, akageuka. Akasema nje kuna hewa safi zaidi, watu wako wengi, hapo chini ya mparachichi panatosha. Vijana wakaingia mbio, wamebana pumzi, wakatoa mabenchi yangu. Hata salamu hawakumpa dada. Nilijiambia pengine wataanzia nje halafu wataingia kwa ajili ya sala ya mgonjwa.

Wakaimba. Dirisha la chumba chake linatazama pale pale mparachichini, na lilikuwa wazi. Dada akaitikia kutoka ndani, ile sauti yake ya pili unayoijua. Ilitoka vizuri, mwanangu, sikuwa nimemsikia akiimba tangu mwaka jana. Watu walisikia. Niliwaona wakitazamana.

Somo lilikuwa ile Injili ya kondoo na mbuzi, ya wenye njaa na wagonjwa na wafungwa. Katikati ya somo, Xaveria, katibu wetu, akainuka. Alikuwa amekaa karibu na ukuta. Moyo wangu ukafurahi, nikasema angalau mmoja anaingia. Akaenda dirishani, akasukuma mbao zake taratibu kwa vidole viwili mpaka likafungika. Akarudi kukaa, akafungua Biblia yake.

Halafu wakati wa kushirikishana Neno, Xaveria huyo huyo akasema Neno limemgusa sana, kwamba sisi Wakristo wa leo tumewasahau wagonjwa. Wakaitikia amina. Kifuani ana skafu yake ya chama cha akina mama wa kanisa na kwenye kidole ana pete ya rozari, na kidole kile ni kimoja cha vile viwili vilivyofunga dirisha.

Mwishoni Cornel akafunga kwa sala. Alisali sana. Akawaombea viongozi wa nchi, akawaombea wakulima, akaombea mvua. Kisha akasema, "Bwana, tunamkumbuka na mgonjwa wetu, popote pale alipo."

Popote pale alipo, Sosthenes. Alikuwa nyuma ya mgongo wake, ukuta mmoja tu katikati. Wamezoea kusali hivyo, maneno yanatoka yenyewe, hata hawayasikii. Hakuna aliyeshtuka. Wote amina.

Nilishikwa na kinyaa. Natumia neno hilo makusudi. Kile kidonda nakishika kila siku kwa mikono yangu na sioni kinyaa tena, lakini pale kinyaa kilinipanda mpaka kooni, nikatema mate chini mbele za watu. Cornel akatangaza kwamba tunamshukuru Mungu, zamu ya nyumba hii imetimia na mgonjwa ametembelewa. Kisha wakaanza kunawa mikono wakisubiri makande.

Nikaingia jikoni, nikainua sufuria zima, nikalipeleka chumbani kwa mama yako, nikaliweka kwenye stuli kando ya kitanda. Birika la chai pia. Nikarudi nje nikawaambia, "Chakula kiko kwa mgonjwa. Anayetaka kula aingie."

Hapo ndipo ungecheka kama si kulia. Cornel akakumbuka ana kikao mjini. Xaveria akasema ameacha mboga jikoni. Mwingine akasema amefunga, kumbe alishanawa na mikono inadondosha maji. Wakaondoka mmoja mmoja, wengine hata kwaheri wameisahau. Mabenchi wameniachia niyarudishe mwenyewe.

Aliyeingia ni mmoja, mzee Tadeo, yule mlevi wa nyumba ya nyuma, ambaye jumuiya walimkataza hata kusoma somo. Aliingia akavua kofia, akampa dada mkono, akakaa ukingoni mwa kitanda maana mabenchi yalikuwa nje. Akafanya ishara ya msalaba, akala sahani mbili. Akamsimulia habari za mbuzi wake aliyekula sketi ya mke wa balozi wa nyumba kumi, dada akacheka mpaka nikamshika asijiumize. Sijui Tadeo alimfuata dada au aliyafuata makande. Lakini aliingia, na leso puani hakuweka.

Jioni nilipokuwa namsafisha, niliwatukana wote. Nilimtukana Cornel na sala zake, nikamtukana Xaveria na skafu yake. Nilisema mimi huko jumuiya sirudi, nitasali na Tadeo. Dada alinisikiliza mpaka nikamaliza. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo liliniuma. Kisha akaniambia:

"Fabi, Sosthe akija Pasaka, mwekee kiti nje. Usimlazimishe kuingia, atapata shida."

Nilimaliza kumfunga bandeji. Krismasi ulikuja, mwanangu. Ulisimama mlangoni na leso puani, ukasali sala ndefu nzuri kwa sauti ile ya mwalimu wa kwaya, ukaniachia mfuko wa matunda, ukaenda kulala gesti mjini. Mimi nilikuona. Nilidhani yeye hakukuona, kwa kuwa alikuwa amefumba macho wakati wa sala.

Kwa hiyo nasema na wewe kama mama. Usimtumie tena sala za kurekodi, wala nyimbo za kwaya yako. Anazisikiliza, anasema ni nzuri, halafu anageukia ukutani. Njoo. Usingoje Pasaka, maana sina hakika nayo. Nitakupa glavu na nitakuonyesha jinsi ya kulowesha bandeji kabla ya kuitoa ili isimvute. Siku ya kwanza utatapika. Tapika, ndoo ipo. Mimi nilitapika na sijafa. Ukija na basi la Dodoma usipitilize mpaka stendi ya mjini, shuka hapa hapa Bonga, godoro lako nimelitandika chumbani kwake.

Kiti nje sitaweka.

Nisalimie Jenifa, mwambie mguu aukande kwa maji ya moto. Brayan na Hope wabusu kwa niaba yangu. Baba yako mdogo anakusalimu kutoka Mutuka, na mzee Tadeo naye, ingawa nadhani hakukumbuki vizuri.

Mama yako yuko hapa kitandani ananitazama nikiandika. Nimemdanganya kwamba nakupa habari za mahindi. Anakusalimu sana. Amesema nikuambie usijisumbue na safari, huko ni mbali na una kazi nyingi za kanisa. Nimekuandikia kama alivyosema.

Mungu akutangulie barabarani, na akupe tumbo gumu.

Ni mimi mama yako mdogo, ninayekupenda pamoja na hasira zangu,

Fabiola