Pasi Yangu Ilikuwa Kabatini, Baba

Baba yangu mpendwa,

Kaka Hamisi aliniambia kwamba siku zako za mwisho, kila mlango ulipolia, ulikuwa unauliza, "Mwanaidi huyo?" Alinieleza hilo mbele ya watu, na hakulisema kwa huruma.

Unakumbuka nilipofukuzwa darasani kwa sababu viatu vyangu vilikuwa vya turubai? Uliacha suruali ya mtu kwenye cherehani, sokoni Muheza, ukanishika mkono hadi kwa mwalimu mkuu. Ulimwuliza kwa upole, "Sheria ya viatu imeandikwa wapi, mwalimu, nami niisome?" Alikohoa, akatazama dirishani, akaniruhusu niingie darasani. Njiani ulikuwa umeniambia, "Mtu akikukataza jambo, muulize sheria. Akikasirika, ujue haipo."

Nilikuja Dubai na maneno yako, lakini midomo niliiacha nyumbani. Wakala aliyenitafutia kazi alikuwa amenionya: kule usijibu, usiulize, sema ndiyo madam. Siku niliyofika, madam alinyoosha mkono kabla sijatua begi. "Pasi ya kusafiria. Anayeishika ni kafeel, mwajiri wako, ndiyo sheria ya hapa." Nikampa. Akaifungia kabatini, chini ya vitambaa vya meza vya wageni, na mimi nikaenda kuoneshwa jiko.

Kisha ukaugua. Nilikupigia kutoka uani, vocha ikikaribia kwisha, nikasikia sauti yako imekuwa nyembamba kama ya mtoto. "Njoo mwanangu, nikuone uso." Nikaahidi. Jioni hiyohiyo nilimwomba madam ruhusa na pasi.

"Baada ya Ramadhani, inshallah."

Ramadhani ikapita, Idi ikapita, wageni wakaja wakaondoka. Nikaomba tena. Safari hii hakuinua hata macho. "Ukitoka nyumba hii bila ruhusa yangu, naripoti umetoroka. Polisi watakufunga. Khalas."

Nilimwamini, baba. Ulipouliza kwenye simu nakuja lini, nilisema karibuni. Ukasema, "Kama huji, mwanangu, niambie tu huji."

Kila wiki nilimpeleka mama yake madam kliniki, mtaa wa Oud Metha, akanyooshwe miguu. Dereva alitushusha, bibi akapandishwa juu, nami nikakaa kitini ghorofa ya chini kumsubiri, natazama nguzo za reli mpya zinavyosimamishwa. Nimekaa kwenye kiti kile miezi mingi.

Aliyenizindua ni Mama Leila, Mmombasa, mpishi wa nyumba ya pili mtaani kwetu, Al Twar. Alinikuta nje natupa taka, macho yamevimba. Nilipomweleza, aliweka ndoo yake chini.

"Hebu nisikize. Hiyo kliniki yenu naijua. Ng'ambo ya barabara, juu ya duka la dawa, mna wakili. Huwasikiza wafanyakazi bure. Bure kabisa. Hakuna aliyekwambia?"

Hakuna aliyeniambia.

Wiki iliyofuata, bibi alipopandishwa tu, nilivuka. Wakili alikuwa Msudani mwenye mvi, na karani wake, dada wa Kizanzibari, akanitafsiria. Nilieleza huku natazama mlango. Wakili akauliza swali moja.

"Nani alikwambia hiyo ni sheria?"

"Madam."

Alivua miwani. "Pasi ni ya serikali yenu na imeandikwa jina lako. Mwajiri hana haki ya kuishika. Wewe una kibali cha kuishi nchi hii, ni mkaazi halali, si chombo cha nyumba ya mtu. Akikataa kuirudisha, tutakwenda polisi pamoja, na si wewe watakayemuuliza."

Akapiga simu palepale. Nilisikia sauti ya madam ikitoka kwenye kipokezi, tamu kama siku ya wageni. "Nilikuwa namtunzia tu," alisema, "isije ikapotea."

Jioni pasi ilikuwa mkononi mwangu. Simu moja, baba! Yule karani hakumaliza hata kikombe chake cha chai. Yote niliyoyaogopa, jela, polisi, kutoroka, yalikuwa maneno ya mwanamke mmoja aliyekaa kwenye kochi, na yakaanguka kwa simu moja.

Lakini wewe ulikuwa umezikwa Alhamisi iliyotangulia. Kaka alikuwa amechoka kunipigia na hakuniambia. Nilifika Muheza nikakuta tanga limeanuliwa, vyungu vya kuazima vinarudishwa kwa wenyewe. Shangazi hakunipa mkono.

"Dubai imekunogea," alisema.

"Walinizuilia pasi, shangazi."

"Kwani walikufunga minyororo?"

Niliwaeleza wote kuhusu kabati na vitisho. Walinisikiliza kama watu wanavyomsikiliza mwongo asiye na haya. Nani ataamini kwamba mtu mzima alizuiwa na ufunguo wa kabati asimwone baba yake? Mimi mwenyewe, nikijisikia nikisimulia, nilisikia aibu.

Watu wa msikitini wananiambia nisamehe, chuki inamla mwenyewe. Acha inile. Nimekaa kwenye kaburi lako na sikupata machozi, nimepata hasira tu, na naona heri nikuambie hivyo kuliko kukudanganya tena.

Siku ya tatu simu iliita. Alikuwa madam. Alinipa pole, akasema Mungu akurehemu. Kisha akaniuliza ninarudi lini, maana mama yake anasumbua, hataki mtu mwingine amvishe soksi.

Kuna mzazi wa mtu ananisubiri, baba, na si wewe.

Pumzika. Usiniombee nisamehe, bado.

Ni mimi binti yako, niliyetaka kuja.