Bakuli Nililolirudisha

Scotland, mwezi wa tano

Mama Gati mke wangu,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na watoto na mama, na ng'ombe wote kwa majina yao. Mmeamkaje huko Kemambo? Mvua imewatosha, au imenyesha ile ya kulowesha vumbi tu? Kikohozi cha mama kimepungua? Gati ameshaacha kuficha madaftari yake ya hesabu? Mimi ni mzima. Ile baridi iliyokuwa inanikata masikio imeniachia, na sasa jua la huku halitaki kwenda kulala, linazubaa angani kama mgeni ambaye hajaonyeshwa kitanda.

Najua utashangaa kuletewa barua wakati Jumapili tuliongea. Lakini simu yetu unaijua. Ukiipokea, mama anakwambia uweke sauti kubwa, watoto wanasogea, Chacha jirani anakuwa "amepita tu" kuomba kiberiti, na mimi naishia kuuliza habari za mvua. Na wewe tangu niondoke mwaka jana unanijibu "ndiyo", "hapana" na "watoto wamekula". Sikulaumu. Siku ya kuniaga nilikukosea mbele ya watu, na mpaka leo kosa hilo sijalitaja. Nimeshika kalamu ili nilitaje. Nivumilie nianzie mbali kidogo, kwa sababu kosa langu nimelielewa nikiwa jikoni.

Ndiyo, jikoni, umesoma sawasawa. Habari za mimi kupika ulizisikia juu juu kwenye simu, sasa nikueleze vizuri. Hapa kwenye nyumba ya wazee kazi yangu ilikuwa kuwaogesha, kuwavalisha na kuwasukuma kwenye viti vyao. Mwezi wa pili mpishi wetu, mama mmoja mnene mcheshi anaitwa Morag, aliteleza kwenye barafu akavunjika mkono. Meneja akauliza kama miongoni mwetu kuna anayejua kupika. Nikasema mimi najua. Mama Gati, sijui ule uongo ulitoka wapi. Nadhani ni kwa sababu walikuwepo wasichana wawili wanatusikiliza, na mimi mbele ya watu siwezi kusema kuna kitu sikijui. Ugonjwa huo unaufahamu kuliko daktari yeyote.

Basi Morag akawa anakaa kwenye kiti na mkono wake wenye plasta, mimi nasimama kwenye jiko. Siku hiyohiyo akanikabidhi vitabu vinne vya mapishi. Vilikuwa vipya kabisa, hata kurasa zilikuwa bado zimegandana. Kila kimoja ni cha msimu wake: cha baridi, cha wakati majani yanachipua, cha kiangazi, na cha wakati majani yanapukutika. Nilikifungua kile cha baridi nikatafuta nyanya. Nikapekua mpaka mwisho, hakuna hata moja. Nikamwambia Morag kitabu chake kina kasoro. Akacheka mpaka akashika mkono wake kwa maumivu. Akasema nyanya zina wakati wake, na huu ni wakati wa kabichi, viazi, karoti na mifupa ya supu.

Nilianza vibaya. Asubuhi ya kwanza niliambiwa nipike uji wa shayiri. Kuona unga na maji ya moto, mkono ukafuata kile nilichokuwa nakiona kwako nikiwa mlangoni, nikasonga. Nikasonga kwa nguvu zote. Wazee wakaletewa uji unaokatwa kwa kisu. Bibi mmoja anaitwa Jean, alikuwa mwalimu mkuu zamani, akauchoma kwa kijiko, kijiko kikasimama wima. Akaniuliza, "Kijana, hii ni ya kula au ya kujengea?"

Wiki hiyo ndiyo mama alinipigia akafoka, "Mura! Mwanaume mzima, umetahiriwa, leo unashika mwiko? Nani amekuroga huko?" Nilikusikia nyuma yake ukicheka. Ni kicheko chako cha kwanza tangu niondoke. Ulikuwa unanicheka mimi, najua, lakini siku nzima nilifanya kazi nimefurahi.

Polepole nikaanza kuvipenda vile vitabu. Saa ya mapumziko, wenzangu wakitoka kuvuta sigara, mimi nakaa na kitabu cha baridi nasoma kama anayejiandaa kwa mtihani. Nimejua kukaanga kitunguu bila kukiunguza. Nimejua kwamba mfupa ukichemshwa taratibu unatoa utamu ambao moto mkali hauutoi. Morag akawa ananiachia hata kuonja chumvi.

Kisha nikaharibu tena. Kulikuwa na pishi la kuku wa kuoka na viazi. Kuku walitoka vizuri, nikawakata, nikawagawa. Mapaja na vidari nikawapa wazee wanaume watatu tulionao. Akina bibi, ambao ni kumi na watano, nikawapa mabawa, shingo na supu. Nakuapia sikuwaza chochote. Kwetu kila kipande kina mwenyewe, na bibi yangu alikufa hajaonja yai wala kuku maisha yake yote, akiambiwa si chakula cha mwanamke. Mkono wangu uligawa vile ulivyofundishwa. Bibi Jean akaitazama sahani yake, akaitazama ya jirani yake mwanaume, akaniita. "Mwita, sisi tumekosa nini?"

Nikaona aibu, nikarudi jikoni nikamweleza Morag ukweli, naye akaniuliza, "Na mke wako huwa anakula kipande gani?" Mama Gati, nilisimama pale nimeshika taulo. Sijui. Miaka kumi na moja tumeoana, sijui wewe huwa unakula kipande gani cha kuku, au kama huwa kinabaki.

Sasa nifike nilikokuwa naenda. Mwezi uliopita Morag alifunga kitabu cha baridi akafungua cha majani kuchipua. Pishi la kwanza kabisa ni supu ya majani yanayowasha, ndugu yake upupu, yanayoota kwenye nyua na kando ya njia. Magugu, mke wangu! Yamepigwa picha nzuri, yamewekwa kwenye bakuli jeupe. Na mwanzoni mwa kitabu wameeleza kwamba wakati huu vya zamani vimeisha na vipya havijakomaa, kwa hiyo mpishi hodari ni yule anayejua ardhi imetoa nini leo. Nilisoma nikaona kama wanamsema mtu ninayemjua, lakini sikuendelea kuwaza.

Nilivaa glavu nikaenda kuchuma nyuma ya uwanja wa kanisa. Nilichuma asubuhi nzima. Mikono iliwasha hata ndani ya glavu. Nikaosha mara tatu, nikachemsha, nikasaga, nikaweka maziwa. Nilipoonja, Mama Gati, niliona fahari ambayo sijaiona hata siku niliponunua ng'ombe wangu wa kwanza. Sikungoja wasichana wapeleke. Nilibeba mwenyewe.

Kuna mzee anaitwa Angus, alifuga ng'ombe maisha yake yote, ndiye rafiki yangu hapa kwa sababu tunaongelea mitamba. Nikamwekea bakuli lake la kwanza kabisa. Akachungulia. Akasema kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia, "Haya nimeyafyeka miaka sitini. Leo unanilisha mimi?" Akalisukuma bakuli likarudi kwangu. Meza nzima ikaangua kicheko.

Nikalipokea bakuli kwa mikono miwili nikarudi nalo jikoni.

Hapo ndipo nilipokuona. Nilikuona wewe, siku ya kuniaga, mbele ya wenzangu tisa wa rika. Ugonjwa wa mdondo ulikuwa umefagia kuku wote, hakubaki hata jogoo. Ghalani yalikuwa yamebaki mahindi ya mbegu. Mgagani ulikuwa umeota kwenye zizi la zamani la marehemu baba, wewe ukaenda ukauchuma, ukauchemsha siku tatu, unautilia maziwa, unaurudisha motoni, ili ukali utoke na mume wako asiende safari na tumbo tupu. Ukaleta na ugali wa mtama, moto. Mimi nikaona haya kwamba wenzangu wameitwa na kuku hakuna. Nikasema, "Mama Gati, nasindikizwa au nafukuzwa? Hizi ni mboga za njaa." Nikakusukumia bakuli. Chacha akacheka mpaka akafuta machozi. Wewe ulilipokea kwa mikono miwili ukarudi jikoni.

Mimi nilisimama kwenye sinki la watu nikalia. Morag alidhani ni kwa sababu ya Angus, akaja kunipiga bega, akasema supu ni nzuri, mzee ni mkorofi tu. Bibi Jean akatuma msichana jikoni kumwombea bakuli la pili. Meneja naye akaja kunipa moyo. Watu watatu walinifuata jikoni kunibembeleza kwa ajili ya supu ya magugu. Wewe hakukufuata mtu. Mimi nilikuwa nje ninapiga stori za kupanda ndege.

Nisamehe, mke wangu. Nilikuaibisha kwa chakula ulichokihangaikia siku tatu, na asubuhi yake nikaondoka bila kusema neno. Sina kisingizio.

Na asante. Neno hili sijawahi kukuambia kwa ajili ya chakula. Kwetu mwanaume akishiba anasogeza sahani na kuomba maji ya kunawa. Miaka kumi na moja sijalala njaa nyumbani kwangu hata siku moja, na nilikuwa nadhani ni kwa sababu mimi ni mwanaume wa nguvu. Kumbe kulikuwa na mtu anayejua ghala likiisha kuna nini kwenye zizi la zamani, na muhogo upi uko tayari, na maziwa ya ng'ombe gani yanafaa kugandishwa. Vile vitabu vinne vimeandikwa na watu waliosoma, vikapigwa picha, na ninavishukuru sana. Lakini yaliyomo wewe ulikuwa unayajua kabla sijakuoa. Asante kwa kila jioni. Asante kwa mboga ya siku ile, ambayo sikuila.

Nina ombi. Morag anataka kujua mgagani unapikwaje, na mimi nimeshindwa kumwambia, maana nilikuwa naishia mlangoni. Unifundishe. Sitaki kumuuliza mama, nakuomba wewe. Maziwa yanaingia lini? Chungu kinafunikwa au kinaachwa wazi? Unajuaje kwamba ukali umekwisha? Kama hutaki kunijibu bado, usinijibu, nitangoja. Mwezi wa kumi na mbili nitakuja likizo, na ukiniona nimeingia jikoni usinifukuze. Mama atapiga kelele, lakini atazoea.

Barua hii anakuletea dada Neema, muuguzi wa hapa kazini kwangu anayekwenda likizo Musoma. Atampa kaka yake anayepita Nyamongo. Huyo kaka atakuletea na kitambaa chako na kalamu za watoto, usimwache aondoke bila kula.

Mpe mama shikamoo yangu, umwambie sijarogwa. Gati mwambie baba yake sasa anapima chumvi kwa hesabu, kwa hiyo madaftari yatoke mafichoni. Mdogo wake Nyamhanga mbebe kidogo kwa niaba yangu, hata kama anajiona mkubwa. Mama mkwe kule Nyambureti mfikishie heshima zangu za mbali, kama desturi inavyotaka, na umwambie namshukuru kwa binti aliyemlea.

Wenzangu wa rika wasalimie wote, ila Chacha usimsalimie hivihivi. Kosa la mbele ya watu halitengenezwi chumbani. Siku utakayoona inafaa, waite wote tisa, waketi palepale walipoketi siku ile, umpe Chacha barua hii aisome kwa sauti, kuanzia juu mpaka kwenye jina langu. Akifika kwenye neno nisamehe, mwambie arudie.

Na kama utaona haifai, basi iweke tu, uamuzi ni wako.

Mimi mume wako niliyekukosea,
Mwita