Viwili kwenye Kisosi

Jumatatu, 3 Juni
Nimeswali, nimebandika chai, nimetoa vidonge viwili nikaviweka kwenye kisosi. Kama kila siku. Changu kidogo na kigumu, cha kuzuia damu isigande, maana moyo wangu unapiga ovyo tangu mwaka juzi. Cha mke wangu Zuhura kikubwa, laini, kimejaa mafuta ya njano. Vitamini E. Tulikuwa tunameza pamoja, kila mtu chake, kisha chai.

Zuhura hayupo. Hii ni wiki ya saba tangu tumzike. Mkono wangu bado haujasikia habari hiyo.

Siku za mwanzo nilikuwa nakirudisha cha kwake kwenye kopo. Kukirudisha kukawa kunauma kuliko kukitoa. Sasa nakimeza. Changu, chake, chai. Hakina ladha yoyote.

Alhamisi, 6 Juni
Upepo wa baridi umeingia Makole. Vumbi mpaka kwenye sukari. Midomo imepasuka, visigino vinanasa shuka.

Nimeanza kanzu ya bwana harusi, kijana wa mteja wangu wa zamani kutoka Chemba. Kitambaa cheupe, kizuri, kinachoonyesha kila kosa. Nimezikagua pini moja moja kabla ya kuanza. Mazoea. Zuhura alikuwa anachukua pini kwenye kimto changu, anatoboa kidonge, anapaka uso, halafu ananikamata mguu kwa nguvu anipake visigino. Pini anairudisha bila kuifuta. Mafuta yanahamia kwenye nguo za watu. Tumegombania pini miaka kumi, na sikushinda hata siku moja.

Leo zote kavu. Nimelia, mtu mzima mwenye mvi, mbele ya cherehani.

Jumatano, 12 Juni
Kliniki. Nesi ni mpole, anaita kila mwanamume baba. Kipimo cha muda wa damu kuganda kimepanda kidogo. Ameuliza kama kuna dawa nyingine ninayomeza. Nimesema hapana. Sikudanganya. Dawa ni ile wanayonipa wao. Kile ni cha Zuhura, cha urembo. Wanawake nusu ya mji wanapaka usoni.

Nirudi baada ya wiki mbili.

Jumapili, 16 Juni
Mwajuma amekuja kutoka Ihumwa na sufuria ya pilau. Binti yangu huyu mmoja ana moyo, ila ana haraka. Amesema nguo za mama zigawiwe, zisikae zikaliwa na mende. Nimekubali. Magauni, mitandio, viatu, vyote vimeingia kwenye mifuko. Kabati limebaki na henga tupu.

Makopo matatu ya vitamini nilikuwa nimeshayaficha kwenye boksi la nyuzi. Hayo hagawiwi mtu.

Alivyoondoka nikapika chai nikameza kingine. Jioni kingine. Tulikuwa tunakunywa chai mara tatu kwa siku, iweje anikute mara moja tu?

Jumamosi, 22 Juni
Nimejichoma kidole. Si habari, nimejichoma miaka arobaini. Unanyonya tone, unaendelea. Leo nimenyonya, nimefunga kitambaa, nimekaa. Adhuhuri imeadhiniwa damu bado inachuruzika. Doa limeingia kwenye mkono wa kanzu. Nimefua kwa maji baridi na chumvi. Limebaki la kahawia, dogo, kaidi. Nitakata mkono mwingine.

Jumatatu, 24 Juni
Mswaki mwekundu. Pajani kuna alama kubwa nyeusi na sikumbuki kujigonga popote.

Mimi si mjinga. Siku ya kwanza kliniki walinitajia dalili zote, na hizi zimo. Naogopa. Nimetazama kisosi muda mrefu. Kisha nimemeza vyote viwili. Mchana cha kwake tena. Jioni tena.

Jumatano, 26 Juni
Kipimo kimeruka mara mbili ya kinavyotakiwa. Nesi amefunga mlango, amesogeza kiti.

"Baba, kuna kitu unameza. Hata kama ni cha kienyeji, hata vitamini. Niambie tu, sikugombezi."

Nimemtazama usoni nikasema hakuna.

Huu sasa ni uongo, na nauandika ulivyo. Nikimwambia ataniambia niache. Nikiacha, asubuhi kitakaa kidonge kimoja kwenye kisosi, na ndiyo nitakuwa nimemzika.

Amesimamisha kidonge changu mpaka nirudi Jumamosi kupima tena. Damu ikitoka isikatike, nije saa hiyohiyo, nisisubiri.

Alhamisi, 27 Juni
Kanzu imechukuliwa. Mkono mpya, hakuna aliyegundua.

Kisosini leo kilikuwa cha Zuhura peke yake. Changu kimezuiwa, chake kipo. Nimecheka kwanza. Halafu sikuweza kuendelea kucheka.

Jumapili, 30 Juni
Wodini. Mwandiko mbovu, mkono una sindano.

Jana asubuhi damu puani. Nilikuwa navaa niende kliniki. Nilidhani ni ya kupita. Nilijaza taulo, nikajaza shuka. Jirani alimpigia Mwajuma simu. Alikuja akiwa na kandambili za bafuni, akawa anatafuta kitambaa safi cha kunizibia, akafungua boksi la nyuzi. Kopo moja tupu. La pili limefika nusu. Aliyatia kwenye mkoba, tukaondoka.

Daktari ameyasoma, kisha ameniuliza navimeza vingapi. Vitatu kwa siku. Amenieleza taratibu. Vitamini hii ikizidi nayo inazuia damu kuganda. Ikikutana na dawa yangu, zinasukuma upande mmoja. Dawa inakaa mwilini siku kadhaa, kwa hiyo kuiacha tangu Jumatano hakukutosha, na zaidi nilikuwa naendelea kuongeza nyingine juu yake. Zuhura alikuwa hamezi dawa ya damu, ndiyo maana yeye hakikumdhuru. Wameniongezea chupa mbili za damu za watu nisiowajua.

Alipotoka daktari Mwajuma akaniambia, "Baba, ulitaka nizike wawili mwaka mmoja?"

Nilitaka kusema kwamba sikutaka kufa. Kweli sikutaka. Nilitaka tu kunywa chai na mke wangu. Mwanangu amelia akiwa ameshika reli ya kitanda, na mimi ndiye niliyemliza. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Alhamisi, 4 Julai
Nimeruhusiwa. Nimepita kwa nesi kwa miguu yangu. Nimemwambia yote, tangu kisosi. Hakunigombeza, kama alivyoahidi. Ameandika kwenye kadi yangu kwa herufi kubwa: aulizwe kila kitu anachomeza, na kila kitu akakitaja, vitamini, mitishamba, mafuta ya vidonge, hata alichopewa na jirani. Kisha akaweka kalamu chini.

"Mama alikuwa anaitwa nani?"

Nikamwambia, Zuhura. Wiki nyingi hakuna aliyeniuliza.

Mfamasia ameyachukua makopo. Nimeomba kidonge kimoja. Mwajuma alikuja juu. Nikamwuliza mfamasia, kupaka je? Akasema kimoja kwenye visigino hakina neno, kumeza ndiyo marufuku. Akanipa mkononi. Mwajuma amenitazama njia nzima mpaka nyumbani.

Jumamosi, 6 Julai
Mwajuma amelala hapa siku mbili. Asubuhi yeye ndiye anayetoa kidonge changu, dozi mpya, anasimama mpaka nimeze. Mkali kama mama yake. Nimemwambia hivyo, akageukia ukutani.

Jumanne, 9 Julai
Mwajuma amerudi kazini. Upepo umetulia kidogo.

Nimebandika chai. Nimetoa kidonge kimoja. Kwenye kisosi kimekaa pembeni, upande wangu. Nimemeza, nimekunywa chai, nimeosha kikombe. Inauma. Ila nimeosha kikombe.

Kisha nimekaa kwenye kigoda mlangoni, nimechukua pini, nimetoboa kile kimoja nilichopewa. Mafuta machache sana. Nimepaka kisigino cha kulia, nimepaka cha kushoto. Yeye alikuwa anasugua kwa nguvu zaidi.

Pini nimeirudisha kwenye kimto. Sikuifuta.