Shati Ambalo Hukulifua

Mama, shikamoo.

Mimi mzima, ila nimechoka hadi kalamu naiona nzito. Mwaka huu wa mafunzo kiwandani unajikokota. Chuoni tulichora mabomba. Hapa kutwa napanda ngazi kuyakagua. Mafundi wakongwe hutafuta kwa pua gesi inayovuja. Nami, nisionekane mwanafunzi, nikawa navua barakoa kama wao. Sasa wananiita Injinia, na mjinga mimi nikafurahi.

Shati la marehemu baba limefika. Umesema hukulifua makusudi, nisikie harufu yake.

Jumapili nzima nimelinusa, mama. Sikusikia kitu. Hata sabuni siisikii tena.

Lile shati lake lingine ulilotaka kunitumia, usilitume. Baki nalo wewe, unayemsikia bado.

Mwanao mjuaji