Dakika Ishirini Kabla ya Bunduki Zote

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu za dada yako. Sisi huku ni wazima. Goti la mama limeacha kulalamika, ila mwenyewe hajaacha. Je, kizunguzungu kimepungua? Wifi ameniandikia kwamba sasa unashuka ngazi bila kushika ukuta, lakini sikio la kushoto bado ni kimya, na simu ikilia unaiangalia tu. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Watoto wanamkumbuka shangazi yao, au wanafurahi kwamba hakuna wa kuwasahihisha?

Wifi anasema unataka nikueleze meli ile ilifanyaje kazi, maana Jumatatu utatoa ushahidi mbele ya kamati dhidi ya nahodha wa boti ya ulinzi, rafiki yako wa miaka yote, na hutaki kuzungumza kama mtu aliyeokota habari kijiweni. Vema. Ujue sina sababu ya kuwapendelea wenye meli. Nimewaandika gazetini miaka tisa. Chama cha wavuvi kiliponiteua kuwa mwangalizi ndani ya meli yao, nilipanda ngazi kama mama mkwe anayetafuta sababu ya kuvunja ndoa.

Kazi yenyewe ni hii. Meli huvuta nyaya nane, kila mmoja kilomita sita, zimejaa vinasa sauti. Karibu na mkia wake huvutwa bunduki za hewa. Hazina risasi, ni mitungi ya chuma inayobana hewa na kuiachia ghafla majini, kila baada ya sekunde kumi. Mshindo hushuka, hupenya matope, hugonga mwamba, na kila tabaka hurudisha kipande chake cha sauti. Vinasa sauti husikiliza kinachorudi, kompyuta huchora, na wenye tamaa ya mafuta hujua pa kutoboa. Meli haisimami wala haikati kona. Ikisimama, nyaya huzama na kusukana kama nywele za mtoto aliyelala vibaya. Kugeuka tu ni saa tatu. Kwa hiyo boti ya ulinzi hutangulia kuondoa nyavu na watu.

Wao husema wanapiga hodi tu kwenye sakafu ya bahari. Hodi gani isiyosubiri kuambiwa karibu? Nimeuliza hivyo katika makala tatu, sijajibiwa mpaka leo.

Lakini wana kanuni moja nzuri, sina budi kuikubali. Kabla ya bunduki kulia, mwangalizi hukagua bahari saa nzima kwa darubini, huku redio ya mkononi ikimletea maonyo yote ya boti ya ulinzi. Akiridhika kwamba hakuna nyangumi, kasa wala mpiga mbizi, hutia saini fomu. Bila saini hiyo hakuna mshindo. Kisha huanza bunduki moja ndogo, na nyingine huongezwa pole pole kwa dakika ishirini, ili kila chenye uhai kipate kukimbia. Ndani ya dakika hizo, neno moja la mwangalizi huzima kila kitu.

Asubuhi ile bahari ilikuwa imetulia. Fundi mkuu wa kurekodi, tuliyemwita Profesa kwa sababu hujibu swali kabla halijaisha, aliingia chumba cha usukani na gazeti mkononi. Akasema, mshika usukani akisikia, kwamba makala zangu ni kama mbwa wa jirani: zinabweka mpaka koo linakauka, na mwizi keshahama na kitanda. Mshika usukani akacheka. Unanijua, mdogo wangu. Nikamjibu kwamba mbwa hubweka peke yake pale mwenye nyumba anapokuwa amehongwa nyama. Naye akaniuliza kwa upole hiyo nyama niliyokula jana mezani kwao ilitoka wapi, na shuka ninazolalia ni za nani.

Hapo alinipata. Nikaanza kumpangia hoja, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na redio ikawa inakoroma mezani na kunikata kauli. Nikanyoosha mkono, nikaipunguza sauti mpaka mwisho, ili nimalize sentensi yangu.

Sasa soma taratibu. Saa ilipotimia Profesa alinisogezea fomu. Niliisaini huku nikiendelea kuongea. Alitoka akitikisa kichwa, nami nikajiona mshindi. Ndipo nikaongeza sauti ya redio na kuiweka sikioni, nikamkuta nahodha wa boti ya ulinzi akisema kwamba anarudia kwa mara ya nne: bendera ya mpiga mbizi iko mbele kushoto, kilomita tatu, kuna mtu chini anafunga mnyororo wa boya, msianze, kwa jina la Mungu mnanisikia?

Bunduki ya kwanza ilikuwa tayari inalia.

Nilikuwa na dakika ishirini. Kusema "zimeni" kulimaanisha meli izunguke kwa saa tatu ili ianze mstari upya, na Profesa arudi aniulize mbele ya mshika usukani kwa nini nilisaini. Nikajiambia huyo mtu atasikia ile ndogo na kupanda. Nikajiambia bendera husahaulika majini. Sikumjibu nahodha, maana kumjibu kungeonyesha kwamba nimesikia. Dakika ya kumi na tano niliinua darubini nikaiona bendera, ndogo, imesimama wima, na boti ya nahodha ikiikimbilia. Nikaishusha darubini. Bunduki zote zikaanza.

Sikujua ni wewe. Nimeiandika sentensi hiyo, na naona hainisaidii kitu. Alikuwa mtu.

Kwa hiyo nahodha hakuchelewa kuonya, kama unavyoamini. Aliacha kuita pale tu alipoona haitikiwi, akaja kukuvuta kwa kamba mwenyewe. Kamati ilipomtaka athibitishe kwamba aliita, hakuwa na shahidi. Waliponiuliza mimi, nilisema redio ilikuwa kimya. Sikusema nani aliinyamazisha. Wakamsimamisha kazi. Kisha nikaandika makala ile ya nahodha aliyelala, iliyosifiwa kuliko zote nilizowahi kuandika. Wifi anasema umeikata na kuibandika ukutani. Ibandue, nakuomba.

Leo asubuhi nimepeleka maelezo yangu kwa kamati. Nakala imo ndani ya bahasha hii. Gazetini nimepeleka mistari sita tu, na mhariri akapiga kuuliza kama naumwa. Jumatatu usimshuhudie vibaya mtu aliyekutoa majini. Mimi nitakuwapo, ukitaka kukaa benchi la mbali nami, kaa, na ukitaka kunitukana mbele ya watu, sitakuwa na hoja ya pili wala ya tatu.

Mama nitamwambia mwenyewe leo, kabla jirani hajamwambia.

Nisalimie wifi na watoto, nawe ujitunze na hizo ngazi. Nahodha usimpe salamu zangu. Kesho nakwenda mlangoni kwake, na atakachosema nitakisikiliza mpaka amalize.

Ni mimi,
Dada yako